Pikapu Inayochemsha na Mbuzi wa Jumamosi

Mpendwa Mama Syokau, nisaidie kabla ya Jumamosi maana hata chakula hakipiti. Mimi ni Muthama wa Mutomo, na pikapu yangu huchemsha kila inapopanda mlima, sasa mchumba wangu Kalunde, ambaye kwao ni Nunguni, akanituma kwa mjomba wake Mwau aliye fundi huko huko, akabadilisha pampu ya maji, akaizungusha sokoni asubuhi na mapema, akasema, "Hii gari imepona kabisa, kijana," nikashukuru, nikarudi, na safari iliyofuata ikachemsha, nikaipeleka tena, akabadilisha redieta, ikachemsha, na aliponipigia kuuliza inaendeleaje nilikuwa kando ya barabara nikingoja injini ipoe, lakini nikamjibu, "Iko sawa, Mjomba, Mungu akubariki," na Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba gari yangu imepona! Jumamosi nabeba mbuzi watatu wa ntheo kwenda kwao Kalunde, na bila hao mbuzi yeye bado si mke wangu, nikienda kwa fundi mwingine nitamwaibisha mjomba, nisipoenda nitakwama mlimani na mbuzi wakilia. Nampenda sana Kalunde. Nifanyeje?

Muthama, pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Hiyo adabu yako imezidi! Fundi atajuaje kazi haijaisha kama mwenye gari anamwombea baraka? Ule ushuhuda ni wewe uliyemwandikia mzee wa watu.

Tena anaijaribu alfajiri, kwenye baridi ya Nunguni, ikiwa tupu. Hajawahi kuiona ikipanda mlima na mzigo, jua la saa saba likiwaka.

Kwanza kula. Kisha mpigie leo, umwambie, "Mjomba, nisamehe, nilikudanganya kwa sababu ya kukuheshimu. Gari bado inachemsha." Usizunguke. Kalunde naye mwambie hivyo hivyo, asije akaolewa na mtu wa kusema "iko sawa" kila mahali panapoharibika.

Alhamisi mjomba aje Mutomo na vifaa vyake. Mchana mpakie mbuzi wote watatu, mpande mlima naye, aone mwenyewe inapochemkia, atengeneze hapo hapo. Mlishe vizuri, mlaze vizuri, na Jumamosi mpe usukani, wewe ukae nyuma na mbuzi. Ikikwama, ni yeye atakayewapigia wakwe zako kueleza mbuzi wako wapi.

Haitakwama.