Wimbo Usiosubiri

Jumapili, 3 Agosti 2025
Kikao cha harusi kimefanyika hapa kwangu Bwaise, baada ya ibada, viti vya kuazima. Princesse anaolewa na Tresor tarehe kumi na sita. Mtoto wa marehemu mdogo wangu Mapendo — nimemlea tangu hana meno ya mbele.

Wakagawana kazi: wali, gari, hema. Ikafika zamu ya wimbo wa kumtoa bibi arusi. Nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa. Guerschom, rafiki wa Tresor, akasema wimbo umeshapatikana, ameutengeneza kwenye simu. Hakuna mtu aliyeimba, ni mashine tu. Akaupiga. Sauti ya mwanamke, laini, haina mkwaruzo hata mmoja, na majina yote ya ukoo wetu yamo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Unafiki mtupu.

Jumatano, 6 Agosti
Leo kibandani Wandegeya nimeshona kola ndani nje. Mawazo.

Katika ukoo wetu iko hivi: binti anakaa chumbani, mlango umefungwa. Dada mkubwa wa mama yake anasimama nje, anaimba majina ya bibi zake wa ukoo moja moja, la mwisho ni la mama. Kwa kila jina binti anajibu "niko". Asipojibu, mwimbaji hasogei mbele, anazunguka palepale mpaka ajibiwe. Mimi siku yangu kule Bukavu nililia mpaka chakula kikapoa, na mama mkubwa alinisubiri bila kuchoka. Ya simu haisubiri mtu.

Abalo, mke wa askari polisi wa Nsambya, alikuja kuchukua gauni lake. Nikamweleza. Akacheka: "We Nabintu, hiyo simu itakushinda aje? Iko na koo?"

Alipoondoka nikajaribu ile sehemu ya juu. Sauti ikapasuka. Jirani wa cherehani akauliza kama nimejichoma sindano.

Jumapili, 10 Agosti
Guerschom amekuja kujaribu spika. Akaniambia kwa adabu: "Mama, utakaa mbele na wageni wa heshima, upumuzike." Kupumzika! Lakini kijana hana ubaya, ameleta sukari.

Na wimbo wake ni mzuri. Niseme tu, hapa hakuna anayenisikia. Ni mzuri kuliko wangu, na inaniuma.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemsuka Princesse mchana kutwa. Katikati ya kichwa akasema: "Mama mukubwa, haiko Guerschom. Njo mimi nilimuomba."

Kumbe ni yeye aliyeuagiza wimbo wa simu! Nikavuta nywele vibaya, akaguna.

"Ukiniita na sauti yako, sitatoka. Nitabakia na weye. Ya simu hainilizi."

Niliendelea kusuka. Nilifurahi, nililia, vyote kwa pamoja, nyuma ya kichwa chake ambako haoni. Sasa nimeridhika. Nitakaa kwenye kiti changu, nitapiga makofi kama wengine.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Ukuta mmoja na chumba cha Princesse.

Wimbo ulipigwa saa nne. Mtaa mzima ulisikia. Majina yakapita yote, vizuri kabisa, na ndani hakuna jibu. Ukaisha. Mlango umefungwa. Guerschom akaurudisha mwanzo — majina yakapita tena, kama gari lisilosimama kituoni. Mara ya tatu Tresor alikuwa anaangalia viatu vyake tu. Wageni wakaanza kunongʼona, labda binti hataki. Nikainuka kwenye kiti changu cha heshima, eti naenda kuangalia wali. Ningeimba bila kuitwa? Alishaniomba nisiimbe.

Spika wameizima.

Sasa namsikia. Anaimba mwenyewe huko ndani, polepole, sauti ina mkwaruzo — yangu kabisa! Anaita Nsimire, anajijibu: niko. Anaita Cibalonza: niko. Palipo na jina la mama yake amenyamaza.

Abalo amechungulia jikoni, ameichukua sufuria ya wali miguuni pangu.

Anaanza tena. Nsimire. Cibalonza. Amenyamaza palepale.

Anarudi mwanzo, mara ya tatu sasa, wala hana haraka. Nsimire. Cibalonza. Ananisubiri.