Mbegu ya Kitunguu Saumu Imekwenda Nkome

Ushirombo, Jumapili, mwanzo wa Mei 1982

Mvua zimetuaga. Asubuhi palikuwa na ubaridi kidogo, ule unaowafanya watu kanisani wabanane bila kuambiwa. Kitunguu saumu huupenda sana. Tuta langu nyuma ya jiko liko tayari tangu juzi, samadi imeoza vizuri, udongo laini kama unga. Nilipanga kupanda kesho.

Zao hili mbegu yake ni lenyewe. Unabandua punje, unazipanda mojamoja, na kila punje inakuwa kitunguu kizima. Punje kubwa huzaa kikubwa, ndogo huzaa kidogo. Ndiyo maana mkulima wake hula vidogo na kuweka vikubwa. Rafiki niliyefundisha naye zamani aliniletea kitunguu kimoja kutoka kwao Mbulu. Kwa kula vidogo miaka yote hii, nilikuwa nimepata fungu zuri, kila kitunguu kama ngumi ya mtoto. Lilikuwa likining'inia jikoni.

Lilikuwa.

Leo baada ya misa alitutembelea Mama Lukas, mama wa mume wa binti yetu Kulwa. Ametoka Nkome, kule ziwani, na dagaa na sato wakavu. Mke wangu akapika, na chakula kilikuwa kitamu ajabu. Nilikula, nikasifu, nikaongeza ugali. Wakati wa kunawa ndipo nikatupa jicho jikoni nikaona msumari mtupu. Vitunguu viwili nilikuwa nimeshavila mwenyewe kwenye mchuzi wa samaki. Vilivyobaki vilikuwa kapuni mwa mgeni, vimefungwa kwa kitambaa safi.

Nilimvuta mke wangu pembeni, nikamnong'oneza kwamba ile ilikuwa mbegu. Alinitazama kama aliyeniona naingia kanisani bila shati.

"Sasa Baba Kulwa, ulitaka mkwe nimpe vile vidogo?"



Nilimsindikiza Mama Lukas hadi barabarani kungoja lori, kapu nimelibeba mimi. Njia nzima nilitafuta maneno ya kuomba japo nusu. Lakini zawadi ikishaingia kapuni mwa mgeni haitolewi. Badala yake nikajikuta namfundisha kupanda: asimenye, ncha ielekee juu, kina cha pingili ya kidole, atandaze nyasi, na majani yakianza kukauka aache kumwagilia. Nilieleza mpaka vumbi la lori likaonekana.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka kuvitia kwenye samaki tu. Umeshanipa kazi."

Nikamsihi apande hata kimoja. Akacheka, akasema kwake ni mchanga mtupu, na kuku wake hawana adabu. Hakuahidi. Akapanda lori, mbegu yangu mapajani.

Niliporudi nilimkuta mke wangu uani, amemwaga vile vidogo kwenye ungo, anachambua. Hakuniomba radhi, wala sikumdai. Akanionyesha kimoja kisichozidi kifungo cha koti.

"Hiki kimejitahidi."

Nikavuta kigoda. Tumechambua pamoja mpaka jua likashuka. Kila nilichotaka kukitupa alikitetea, kama mzazi mbele ya mwalimu mkuu, na vingi nimevipokea kwa sababu yake tu. Kesho tutapanda hivyohivyo. Itachukua misimu kadhaa kuurudisha ukubwa ule. Haidhuru, nimeshawahi kuanza na kimoja.

Ila nawaza kuhusu Nkome. Atapanda, au atakula?

Ale, na ale kwa raha. Ni mkwe wetu. Lakini kuna jambo moja sikumweleza, maana lori lilikuwa limeshafika. Majira haya kitunguu saumu hakingoji ruhusa ya mtu. Kikiachwa pembeni ya jiko, huchipua chenyewe, na mama wa shamba akikuta chipukizi la kijani hawezi kulitia chunguni. Atalitafutia udongo tu.

Usiku huu katika sala zangu nitaomba jambo dogo: Mama Lukas asahau kimoja pembeni ya jiko.