Komora Hafichwi

Mjukuu wangu Hawa,

Sisi hapa Idsowe tu wazima. Mto umerudi mahali pake na mpunga umeota. Ya mafuriko tuyaache.

Unaniuliza kama wageni wa posa yako wakija huko kwenu Mombasa, mdogo wako Komora afichwe, kwa kuwa hasalimu watu na akisikia kelele huziba masikio. Afichwe? Kwani ameiba nini?

Ndugu yangu Buya alikuwa vivyo hivyo. Siku ya posa yangu wakamfungia jikoni. Nikaingia, nikakaa naye. Nilipoitwa, nikajibu, "Anayenitaka aje huku." Mama akanisihi, shangazi akanitukana, sikutoka. Mwishowe mposaji mwenyewe akaja, akasalimu. Buya hakuitika, akaendelea kupanga kokwa zake za maembe. Yule kijana akaketi chini karibu naye mpaka chai ya wageni ikapoa.

Ndiye babu yako.

Buya hakubadilika, wala hakuwa na kipaji cha siri cha kuwafurahisha watu. Alikuwa ndugu yangu, basi.

Komora mtandikie mkeka palepale mbele. Atakayeudhika, mlango alioingilia haujafungwa.

Bibi yako,
Hadija