Mama Alingoja Neno Lako, Mjomba

Miomboni, Iringa
28 Juni 1959

Mpendwa Mjomba Halfani,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na watu wa nyumbani huko Tanga hamjambo, na kifua chako hakikusumbui tena. Sisi huku tuna baridi kali. Mimi ni mzima, naendelea na masomo.

Mama si mzima.

Tulipokupa habari kwamba pua yake inatoka damu na shavu limevimba, ilikuwa Ramadhani. Sisi wenyewe tulikuwa tumechelewa, maana tulidhani ni jino. Daktari alisema ni saratani, imejificha ndani ya mifupa ya shavu. Alitaka kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu ulio mbele ya sikio, ili dawa iende palepale penye uvimbe, isimchoshe mwili mzima. Shuleni tumesoma mzunguko wa damu, kwa hiyo nilimchorea Mama akaelewa. Akakubali.

Bibi Mwanahawa ndiye aliyekataa. "Mume kafariki, kaka anaye. Hakatwi mtu hapa mpaka Halfani aseme."

Daktari akamwuliza Mama, "Kwani pua inamwuma kaka yako?" Mama alicheka upande mmoja wa uso, lakini hakumpinga shangazi yake.

Ukajibu tungoje, unakuja Idi. Tulikutandikia kitanda. Idi ikapita. Nikakuandikia tena, hukujibu. Idi kubwa ilipokaribia, Mama alinyoa mwenyewe nywele za panjani, pale pa kupitishia mpira, akaenda hospitali.

Dawa ilifika ilikotumwa, Mjomba. Ugonjwa ndio uliokuwa umeshavuka pale, umepanda kwenye jicho na kuelekea ubongoni. Daktari aliuchomoa ule mpira, akaniambia mimi kwa kuwa Mama alikuwa amelala. Angalikuja Ramadhani, alisema, pengine.

Hilo "pengine" limeninyima usingizi.

Sasa yuko nyumbani. Jicho la kushoto halioni. Basi la Dodoma likipiga honi, hunituma nikaangalie kama umeshuka. Ninakwenda, ingawa najua.

Amenituma pia nikuandikie kwamba amekusamehe. Nimeandika kwa kuwa ni neno lake. La kwangu bado silo hilo.

Bibi Mwanahawa anakusalimu. Siku hizi hasemi sana. Nisalimie mkaza mjomba Mwanakombo na binamu yangu Ahmadi. Mungu akupe afya ya kusafiri.

Ni mimi mpwa wako, ninayetaka kuendelea kukupenda,
Mwantumu binti Yunusu