Mtu Mdogo Chini ya Mlima

Umbilo, Durban
14 Juni 2011

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza maumivu. Laurette akusomee polepole, asiruke maneno kama anavyofanya dada yangu huyo akiwa na haraka ya kwenda sokoni. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza, lakini si ya kumtisha mtu wa Bukavu.

Uliniuliza kwenye simu kama kweli mtu mzima anaweza kuajiriwa kuchora. Ndiyo, Mama. Tunanakili picha za Ulaya za karne ya kumi na nane, za kutundikwa hotelini. Bosi wangu, Mzee Respicius, Mtanzania wa Bukoba, huchora milima, miti na mawingu. Mimi nachora mtu. Kila picha ina mmoja tu, mdogo kama punje ya haragwe, anapita peke yake chini ya mlima. Mzee anasema hata wachoraji wengine wa enzi zile waligawana kazi hivyo, na kwamba mtu yule huwekwa ili mtazamaji ajue ukubwa wa mlima. Nilimwambia kwetu milima haihitaji shahidi. Alicheka hadi akaweka brashi chini.

Mwezi uliopita niliharibu kazi. Hoteli moja iliagiza picha sita za mzee mwenye fimbo. Mzee Respicius alipozipanga ukutani, aliniita akauliza, eish Elysée, huyu mzungu wa fimbo amegeuka lini kuwa mwanamke mwenye kapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso? Nilitazama, Mama, na nakuapia sikuwa nimejua. Mkono ulikwenda wenyewe, mara sita.

Aliniamuru nizirekebishe. Tano nilizifuta. Ya sita ilinishinda, nikaketi na kitambaa mkononi, nikalia. Akaniuliza huyo ni nani. Nilimwambia ni wewe, nikamsimulia ninayokuandikia sasa; ameyasikia kabla yako, na hilo pia unisamehe.

Miaka saba nimekuambia kwamba niliondoka bila kuaga kwa sababu lori liliondoka alfajiri. Si kweli. Lori liliondoka saa sita mchana. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa, nikakuona ukipanda njia ya Kadutu na kapu la makaa, peke yako. Ulipita karibu hata nikasikia unavyohema. Nilijificha. Nilijua ukinitazama tu, nitachukua mzigo ule nikufuate nyumbani, na nisingeondoka tena. Nikakuacha uende nao. Na wewe umekuwa ukinitetea kwa majirani kwa habari ya lori. Nakupenda, Mama, na nimeona haya kwa muda mrefu.

Hoteli ilichorewa nyingine, na Mzee akanipa hii ya sita. Utaletewa na Julienne, anayekuja huko kununua vitenge. Mlima ni wa Mzee, mtu ni wangu. Nimebadilisha jambo moja: kapu liko chini, nawe umeketi kupumzika. Nimekutua mzigo, kwa kuchelewa.

Wasalimie Laurette na watoto wake, na Mama Odette wa jirani. Ukiitazama picha vizuri utaona kando yako nimeacha mahali pa mtu wa pili. Sikuthubutu kujichora kabla hujaniita.

Mwanao,
Elysée