Posa Irudi, Zuhura Akarudie Mtihani

Kambi ya Mkonge,
Korogwe.

Mpendwa dada yangu, Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeisikia kabla hujaitoa, marahaba sana. Zuhura, najua wewe ndiye unayesoma, basi msomee mama yako kwa sauti, wala usiruke mahali hata ukitajwa.

Hamjambo huko Newala? Mgongo unakuachia kuinama? Mikorosho mmeipuliza salfa, au mnamngoja kaka mtu? Maana tangu niondoke hajatokea mpuliza salfa kama mimi. Nilikuwa nikipuliza mkorosho wetu mmoja, wa jirani unapona kwa woga. Mimi ni mzima kama mawe ya Masasi. Kikohozi kidogo tu, nacho kinaniheshimu.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena, sababu siku hizi hapa sauti ya kwetu naisikia kwenye karatasi tu. Nimeelewa yote. Zuhura ameanguka mtihani wa uuguzi wa watoto, chuo kimemruhusu aurudie, na wewe unasema basi, atulie nyumbani, maana karani wa mnunuzi wa korosho ameleta posa na wazee wanangoja neno langu. Mmefanya vizuri kungoja. Posa isiyopita kwa mjomba ni sawa na mgeni aliyeingilia dirishani.

Nimechelewa kujibu kwa mambo yaliyonipata. Sikilizeni.

Shamba hili limeuzwa kwa tajiri mpya, watu wamepunguzwa, wengi wamefunga mizigo. Mimi tajiri mwenyewe alinitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu akiondoka, mkonge utanyauka." Basi nalinda mashine ya kukamulia, ambayo haikamui tena. Ni kazi nzito kuliko ya zamani, kwa kuwa mashine iliyolala haizungumzi.

Mtu wangu wa kuzungumza naye alikuwa Mama Tatu, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Kitangari, kwetu huko huko. Mumewe alikwenda kuchimba vito, hajaandika hata mstari. Jioni tulikaa kibarazani tukiisema Newala mpaka tunahisi ukungu wake shingoni, na Tatu, kichanga anayeanza kukaa, anavuta ndevu zangu. Nilimsomea na barua yako, nisamehe, hapakuwa na mwingine wa kumsomea.

Sasa Ijumaa moja mchana nasikia, "Kaka Hamisi! Njoo na majani mengine ya utosi!" Nikakuta mtoto anaharisha na kutapika tangu jana yake, amelegea shingo haimkai. Mama mtu ameshampaka dawa ya majani juu ya utosi uliobonyea, kama marehemu mama alivyotupaka sisi, na maji amemnyima. "Nikimpa maji naongeza kuharisha," akasema. Sikumshangaa. Kwetu maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, na kila bibi alikuwa na sababu yake ya kuyabania.

Hapo ndipo akanijia akilini Zuhura, likizo ile nilipokuja, anatwanga huku anajisomea kwa sauti, na sisi tunamcheka: macho yamebonyea, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mtoto anagombania kikombe au hana nguvu ya kunywa. Nikamfinya Tatu tumboni. Ngozi ikabaki imesimama pale pale, kama shuka lililokunjwa. Dada, mimi niliyemfukuza simba kwa kibuyu kitupu, nilimfinya tena nikiomba niwe nimekosea.

"Utosi si ugonjwa," nikamwambia. "Utosi unakuonyesha maji yamekwisha ndani. Mpe ziwa, usimwachishe."

"Nani kakufundisha?"

"Mpwa wangu."

"Yule aliyeanguka mtihani?"

Mdomo wa mwanamke yule! Nikamjibu, "Ndiye. Ameanguka, hakumwaga alichobeba."

Nilitaka kuchanganya maji ya chumvi na sukari, kipimo kikanitoka kichwani. Nilikumbuka moja tu, kwamba chumvi ikizidi inaua. Nikaogopa, nikaacha. Nikampakia mama na mwanawe kwenye baiskeli, nikakanyaga. Wallahi nililipita lori lililojaa mkonge, dereva akatoa kichwa akauliza, "Mzee, hiyo umeifunga injini?" Mpaka anamaliza kuuliza, nilikuwa nimeshafika mbele.

Hospitali, wodi nzima ya watoto ina muuguzi mmoja, msichana wa umri wa Zuhura. Wenzake, wanasema, wameacha kazi wakafungua maduka ya dawa. Akaniuliza, "Wewe ndiye baba wa mtoto?"

"Mjomba."

"Baba yuko wapi?"

"Kwetu ukimpata mjomba, umempata mwenyewe."

Akanitazama kama anayetazama mlevi. "Haya, mwenyewe. Mtoto amekojoa lini mara ya mwisho?"

Nikamtazama Mama Tatu, Mama Tatu akanitazama mimi. Mimi huyu, ambaye tangu nizaliwe sijakosa jibu. Muuguzi hakutugombeza. Akampima mtoto uzito, akatafuta mshipa kichwani, akamtundikia dripu. Mimi nikakagua dirisha, lilikuwa na ufundi mzuri. Baadaye Tatu alipoanza kumeza, akamfundisha mama kumnywesha kwa kijiko. "Akitapika, ngoja kidogo, kisha endelea polepole. Usikate tamaa na kijiko." Akaenda kwa mtoto mwingine, na mwingine. Hakuwa na wa kumpokea zamu.

Jioni Tatu akanikojolea shati. Sijapata kulowa kwa heshima kama siku ile. Nilimtangazia kila mtu wodini.

Amepona kabisa. Lakini alipopona, mama yake akafunga mzigo akapanda basi kurudi kwao. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo mwanawe akiugua hana dada wala bibi wa kumwita. Nikambebea mzigo mpaka kwenye basi. Sasa mstari mzima wa nyumba ni mimi na mbuzi wa watu. Juzi kwa mazoea nimesonga ugali wa watu wawili. Nikaula wote, mnazijua nguvu zangu.

Basi neno la mjomba ni hili. Posa irudishwe kwa adabu, wasimtukane kijana wa watu. Zuhura arudi chuoni akaurudie mtihani wake wa watoto. Mume atapatikana, siku hizi kila mwenye mizani anaoa. Ila yule msichana wa wodini anahitaji mwenzake leo.

Umeandika kwamba Zuhura akiondoka utabaki peke yako, na korosho zitaozea chini. Hilo sitalicheka, dada. Peke yako naijua, nakaa nayo.

Kwa hiyo nakuja. Nimewaaga mabwana hapa. Walilia, hasa mhasibu, ikabidi nimbembeleze. Korosho nitaokota mimi, na maji nitateka. Usiwaambie watu kwamba narudi tajiri, wala usiwaambie kwamba sirudi tajiri. Waache wanitazame wenyewe.

Nisalimie shemeji mwenye cherehani, shangazi wa Lisekese na miguu yake, na yule binamu fundi baiskeli, mwambie nina mashindano naye. Mzee wa msikitini mpe mkono wangu.

Nikishuka Masasi, mtu mmoja aje anipokee stendi. Mzigo wangu ni mdogo, naubeba mwenyewe. Lakini mtu aje.

Ni mimi kaka yako, mjomba wa Zuhura,
Hamisi