Maneno Yaliyomtoa Dada Kwenye Mfumo wa Bohari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada. Kazini anaitwa Kimya.
Umri: miaka 22
Kazi: mbeba katoni, bohari ya dawa
Makazi: chumba cha uani, nyumba moja na dada yake
Elimu: darasa la tatu

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, imenitupa nje tena. Lete daftari." Naanzia hapo, afande.

Ilikuwa Jumanne tarehe 14, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Dada yangu ni karani, anaandika dawa zinazoingia na kutoka. Mfumo wao wa kompyuta una tabia moja: jina moja, mashine moja. Ukiingia kwa jina lako mashine nyingine, ile ya kwanza inakutoa. Ukikaa kimya sana pia inakutoa.

Zamani ilikuwa ikikutoa inaonyesha namba tu, hakuna anayeelewa. Makarani wakalalamika, ndipo fundi wa kompyuta akaweka maneno ya kusomeka, yanayotaja sababu na mahali. Alitamba mbele ya watu wote: "Sasa hata Kimya atasoma." Wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Lakini dada alishika neno lile. Kila akitolewa nje, ananiita mbele ya wote ninakili yaliyo kwenye kioo, herufi kwa herufi, na saa. Ndivyo anavyonifundisha kusoma. Siku nyingi ni "Muda wako umekwisha, ingia upya."

Jumanne niliandika haya: UMETOLEWA. JINA LAKO LIMEINGIA KWENYE MASHINE YA CHUMBA NAMBA TATU.

Nilichelewa kwenye neno "limeingia". Dada akasema, "Chumba namba tatu si kwa fundi? Labda anajaribu vitu vyake." Akaingia upya, tukaendelea na kazi.

Jumatano asubuhi katoni arobaini za dawa ya sindano hazikuwepo. Ruhusa ya kuzitoa ilikuwa kwa jina la dada, saa nane na dakika kumi na mbili. Dada akamweleza mkuu wa bohari maneno aliyoyaona. Fundi akasema, "Mama, mfumo wangu hauna maneno hayo." Akaingia kwa jina la dada kwenye mashine mbili mbele ya mkuu. Kioo kikaandika: "Kuna hitilafu. Jaribu tena." Basi.

Mimi nilikuwa mlangoni na katoni begani. Maneno ya kwenye kioo anayeyabadilisha ni fundi peke yake, hakuna mwingine anayejua njia. Nilitaka kusema. Nikaenda kuipanga ile katoni, afande, mimi ndivyo nilivyo.

Leo Alhamisi saa sita mmemchukua dada. Saa saba fundi alinifuata kwenye katoni. Miaka miwili hajawahi hata kunisalimia. Akanishika bega.

"Kimya, mdogo wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Lile daftari lako la shule bado unalo? Nataka nione mwandiko wako."

"Liko nyumbani."

Nilimdanganya. Lipo kwenye kabati la nguo za kazi, chini ya viatu vyangu. Alitazama kabati, kisha akanitazama mimi, akacheka. Hapo nikajua. Alibaki amesimama pale, sikuweza kulitoa, ndiyo maana nimekuja mikono mitupu, na kandambili hizi.

Niliyoyaona na niliyoyaandika ni hayo, sina la kuongeza. Nifungulie mlango, afande, lazima niondoke sasa. Saa kumi kamili bohari inafungwa, na funguo za makabati yote hulala chumba namba tatu.

Sahihi ya shahidi: K I M Y A

Maelezo nimeyaandika mimi kama alivyotamka. Nilipotaka kumsomea alikataa, akayasoma mwenyewe kwa kidole mpaka mwisho, akasahihisha mahali pamoja nilipokosea saa. Amesaini saa 9:38 alasiri. Naongozana naye.
Koplo wa zamu